Kumpisha Mwenye Nguvu Si Kumfuata

Kuna methali ambazo maana yake hutegemea kinywa kinachozitamka, na "Mwenye nguvu mpishe" ni mojawapo. Siku hizi naisikia ikitoka katika vinywa visivyoistahili. Mara ya mwisho ilikuwa kwenye meza ya vijana wa Nairobi waliokuwa wakicheza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa dadu, karatasi na masimulizi. Mchawi wa ngazi ya tisa alitaka kundi zima liingie kwenye pango la joka usiku uleule. Wenzake watatu, wote wa ngazi ya nne na ya tano, walitaka kwanza warudi kijijini kuwahamisha watu, maana joka likiudhika litashukia huko. Hoja yao ilikuwa nzuri. Kijana mwenye mchawi hakuijibu. Aliegemea kiti akasema, "Mwenye nguvu mpishe, jamani," na mazungumzo yakaishia hapo. Wakaingia pangoni.

Nasema wahenga walisingiziwa pale. Methali hii ni nasaha ya mnyonge kwa mnyonge mwenzake. Ni mama akimwambia mwanawe asijibizane na askari mlevi njiani. Ni mzee wa soko akimtuliza kijana anayetaka kukunja ngumi mbele ya jitu lisilo na huruma. Imesemwa kwa ajili ya kuokoa uhai wa asiye na nguvu. Iko sawa na ile ya "Mkono usioweza kuukata, ubusu." Nani amewahi kumwona mwenye mkono huo akiunyoosha mbele ya watu na kusema, "Nibusuni, kwa kuwa hamwezi kunikata"? Akifanya hivyo ameacha kutumia methali, ametoa kitisho. Na kitisho kikivishwa kanzu ya wahenga huwa kibaya kuliko kitisho kitupu, kwa sababu kinamnyang'anya mnyonge hata haki ya kujua kwamba ametishwa.

Lakini hilo si kiini cha ugomvi wangu. Kiini ni neno la kumpisha lenyewe, ambalo wengi wamelizoea kama jina jingine la utii. Walimu wengi wa sarufi na fasihi wameliacha lipite hivyo, na vitabu vya mazoezi vimelirudia: mwenye nguvu mpishe, yaani kubali mamlaka ya aliyekuzidi. Sikubaliani nao. Anayepisha ana safari yake. Alikuwa akienda sokoni, akakutana na kitu kikubwa katika njia nyembamba, akasimama kando kikapita, kisha akaendelea kwenda sokoni. Amepoteza nafasi ya kusimama kwa muda mfupi tu. Hakuulizwa aelekee wapi, wala hakugeuka nyuma kuanza kumfuata yule aliyempisha. Methali inalinda safari ya mdogo. Inamwambia asiipoteze kwa ajili ya mabishano ya nani apite kwanza. Mtu anayeitumia kumlazimisha mdogo aache safari yake ameigeuza juu chini.

Wapo wanaoidharau methali hii kwa sababu nyingine. Huiita hekima ya woga. Hao nawaelewa zaidi, kwa sababu wameona ikitumiwa kufunga midomo. Hata hivyo, mtu aliyeishi chini ya jumbe mkali au msimamizi wa shamba mwenye kiboko hakuwa mwoga kwa kuchagua kesho yake iwepo. Tusiwahukumu waliotutangulia kwa ushujaa ambao sisi hatujalipishwa bei yake.

Sasa turudi mezani, kwa sababu mchezo huu unaonyesha kosa hilo waziwazi kuliko maisha yenyewe. Ulichapishwa mwaka 1974 huko Wisconsin, Marekani, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Hauna upande wa pili. Kila mchezaji ana mhusika wake, wote wako kundi moja, na mtu mmoja zaidi mezani ndiye mwendesha mchezo anayeusimulia ulimwengu na kuwasemea maadui. Basi mchawi wa ngazi ya tisa hakutani na wenzake uso kwa uso katika njia nyembamba. Anatembea nao, bega kwa bega. Hapo methali haina hata pa kusimama. Ukimwambia mwenzako wa safari akupishe, maana yake umeshajitoa katika safari hiyo.

Kwamba nguvu zao hazilingani ni kweli, na si kosa la mtu. Ndivyo sheria za zamani zilivyotengenezwa. Katika toleo la Advanced Dungeons & Dragons, ambalo kitabu chake cha wachezaji kilitoka mwaka 1978, mwizi alifika ngazi ya pili kwa pointi za uzoefu zipatazo 1,250, ilhali mchawi alihitaji takriban mara mbili, zaidi ya 2,500. Mpiganaji alianza na dadu la pande kumi kwa uhai wake. Mchawi alipewa dadu la pande nne. Mchawi mchanga alikuwa na uchawi mmoja tu kwa siku nzima. Akishautumia, ameisha. Panga moja la hovyo, hata kisu, kilitosha kummaliza. Alikuwa akitembea katikati ya kundi, wapiganaji mbele na nyuma, kama yai ndani ya kikapu.

Halafu alipofika ngazi ya tano alipata mpira wa moto. Uchawi huo ulimpa dadu la pande sita kwa kila ngazi aliyokuwa nayo. Akiwa wa ngazi ya tisa alirusha madadu tisa kwa pigo moja, na wote waliosimama katika eneo lile waliungua pamoja. Mpiganaji aliyemlinda miaka yote bado alikata mmoja baada ya mwingine kwa upanga uleule. Wachezaji wa siku nyingi wanaijua sana hali hii, ya mpiganaji anayekua polepole na mchawi anayekua kwa kuruka, na wamebishana juu yake tangu mchezo ulipokuwa mchanga.

Wengi huishughulikia kama tatizo la hesabu. Mimi naona ndani yake jambo la deni. Yule mchawi wa ngazi ya tisa hakuwahi kufika huko kwa miguu yake. Kila ngazi aliyopanda ilinunuliwa na majeraha ya watu waliosimama mbele yake alipokuwa na pointi tatu za uhai na uchawi mmoja. Wahenga wa pwani walishamwonya mtu wa namna hiyo: "Usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha." Angalia methali hiyo inamlenga nani. Inamlenga aliyepanda, wakati ile ya kupisha inamlenga aliye chini. Zote mbili ni za kweli, lakini kila moja ina mtu wake, na maovu mengi yanaanza pale mtu anapoichukua methali ya jirani na kuiacha yake.

Watunzi wa mchezo walijaribu kutibu. Toleo la tatu, mwaka 2000, likawapa wahusika wote jedwali moja la uzoefu. Toleo la nne, mwaka 2008, likaenda mbali zaidi likawapa mpiganaji na mchawi aina zilezile za uwezo: wa kila mara, wa mara moja kwa kila pambano, na wa mara moja kwa siku. Wapo walioupenda usawa huo na wapo walioukimbia wakisema wahusika wote wamekuwa na ladha moja. Sitaki kuingia katika ugomvi wao. Ninachosema ni kwamba usawa wa nguvu ungeweza kupatikana mezani kwa hesabu, na bado mtu mmoja akawaburuza wenzake kwa sauti yake nene. Kutolingana hakujawahi kuwa dhambi. Dhambi ni kuligeuza pengo la nguvu kuwa pengo la kauli.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni mchezo wa Ars Magica wa mwaka 1987, wa Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen. Hao hawakujifanya kwamba wahusika wanalingana. Wachawi wake, katika Ulaya ya kubuni ya karne ya 13, wanawazidi watu wa kawaida kwa mbali mno, na sheria zinakiri hivyo bila haya. Lakini kila mchezaji ana mchawi wake na pia ana mwenzi asiye mchawi, na askari na watumishi wa ngome ni wa meza nzima, yeyote anaweza kuwaigiza. Leo wewe ndiye mchawi, mimi nimeshika mkuki mlangoni. Kikao kijacho tunabadilishana. Aliyewahi kushika mkuki mlangoni hamwagizi mwenye mkuki kijinga. Nguvu imebaki kubwa vilevile, ila imezungushwa, hakuna aliyeifanya mali ya ukoo wake.

Na J.R.R. Tolkien, ambaye wachezaji wengi wa mchezo huu wamemsoma kabla ya kushika dadu, aliliona jambo hili kwa kina kuliko wachezaji hao. Katika msafara wa watu tisa wa The Lord of the Rings, pete yenye nguvu za kutisha inabebwa na Frodo, mmoja wa wadogo kabisa. Anampa mchawi Gandalf, Gandalf anaikataa. Anampa Galadriel, naye anaikataa. Wote wawili walimzidi Frodo kwa nguvu, na ndiyo sababu waliiogopa. Baadaye, msafara unapofika njia panda, Aragorn, mpiganaji aliyewazidi wote waliobaki, anamwachia Frodo uamuzi, kwa kuwa mzigo ni wa Frodo. Hakuna aliyemdharau Aragorn kwa hilo.

Atakayenipinga atasema: basi nani aongoze? "Manahodha wengi chombo huenda mrama." Kweli kabisa, na kundi lisilo na sauti moja litaliwa na joka likiwa bado linajadili. Lakini nahodha hachaguliwi kwa ukubwa wa misuli. Wenye misuli wako kwenye kamba za tanga. Nahodha ni yule anayejua upepo, anayejua nani mgonjwa na nani hajala, na anayesikilizwa bila kupaza sauti. Mchezo wenyewe ulilijua hili mapema. Katika sheria za mwanzo kulikuwa na msemaji wa kundi, mchezaji mmoja anayemweleza mwendesha mchezo kundi linafanya nini. Tom Moldvay, katika kitabu chake cha wanaoanza cha mwaka 1981, alieleza kazi hiyo vizuri: msemaji hukusanya matakwa ya wenzake na kuyafikisha yalivyo. Na alishauri awe mtu ambaye mhusika wake ana haiba kubwa. Katika kitabu hichohicho haiba ndiyo inayoamua mtu aweze kuajiri wafuasi wangapi: mwenye alama 18 za haiba anaweza kuwa nao saba. Alama 18 za nguvu za mwili haziwezi kumwongezea mtu hata mmoja.

Toleo la nne nalo, pamoja na lawama zote lililopata, lilikuwa na jambo moja la busara. Liliwapa wahusika fulani cheo cha kiongozi, kuhani akiwa mmoja wao, na kazi ya kiongozi huyo ilikuwa kuponya wenzake, kuwainua walioanguka na kuwafanya wapige vizuri zaidi. Kitabu kilisema waziwazi kwamba cheo hicho hakimfanyi kuwa kamanda wala msemaji wa kundi. Niliposoma hivyo nilikumbuka "Mkubwa ni jaa." Mkubwa ndiye anayetupiwa taka za wote: malalamiko, aibu, makosa, madeni. Asiyetaka kutupiwa asitake ukubwa.

Nayasema haya kwa sababu ninayaona mbali na meza za michezo. Katika kamati za harusi, mwenye mchango mnono ndiye anayegeuka mwenye neno la mwisho, hata juu ya mambo ambayo hayajui. Katika makundi ya WhatsApp ya ukoo, ndugu aliye ughaibuni akituma fedha za matibabu, wazee waliolala hospitalini na mgonjwa wananyamaza anapoandika. Tumelea kizazi kinachodhani kwamba kutoa kingi ni kupewa vyote. Tumpishe mwenye fedha alipe, tumshukuru kwa dhati, kisha aliyelala na mgonjwa aulizwe mgonjwa anataka nini. Vijana wanajifunza kwetu. Yule aliyeegemea kiti hakuitunga tabia ile siku ile. Aliiona sebuleni kwao.

Kwa mwendesha mchezo na meza yake nina shauri moja, nalo linatoka ndani ya methali yenyewe. Mapigano yakianza, mpisheni mchawi. Msisimame mbele ya mpira wake wa moto, msimshauri arushe wapi, hiyo ndiyo kazi anayoijua. Mapigano yakiisha, aketi kama wengine na aseme wa mwisho, baada ya mwenye ngazi ya chini kabisa kusema. Akikataa, akashikilia kwamba ataingia pangoni usiku huuhuu, mpisheni kweli: njia iko wazi, na aende. Mwendesha mchezo asiwavute wengine nyuma yake kwa hila ya masimulizi. Wale watatu warudi kijijini kuwahamisha watu kama walivyokusudia, na hadithi iende nao. Joka litakapokuwa limemalizana na mchawi, kijana yule apewe karatasi mpya, aandike mhusika mwingine wa ngazi ya nne, na akutane na wenzake barabarani, wakiwa na watoto wa kijiji mgongoni.