Toa Turubai, Shika Spana

Najua ilipo. Iko nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, imefunikwa turubai la bluu lililochanika pembeni. Tairi la mbele limelala, upepo uliisha zamani, na kuku wameshazoea kutaga chini ya injini. Ni Boxer, au TVS, au ile Honda CG125 aliyostaafu nayo mzee. Ilisomesha watoto. Ilipandisha kuta za vyumba viwili. Ilibeba mjamzito saa nane za usiku na gunia la mkaa saa moja asubuhi, siku hiyo hiyo. Ilipoanza kutoa moshi ukaiegesha, ukasema utaishughulikia mwezi ujao, na mwezi huo umegeuka miaka mitatu.

Sasa mnunuzi wa vyuma chakavu anapita na mzani wake, anaitupia jicho. Ndugu yangu, mwache apite.

Pikipiki hiyo haijaisha. Imemaliza kazi moja tu, ya kutafuta ugali. Imebaki na kazi ya pili ambayo hukuwahi kuipa nafasi: kukupandisha milimani siku ya Jumamosi, wewe peke yako, bila abiria na bila hesabu ya bosi.

Pikipiki ya namna hiyo, ya barabarani iliyobadilishwa ikaweza tope, mawe na njia za mashambani, inaitwa skrambla. Wengi wetu tulipokuwa wadogo tuliiona ile ya kiwandani: Yamaha DT au Honda XL ya bwana shamba, madigadi imenyanyuka juu, inaingia kijijini imejaa vumbi na sisi tunaikimbilia. Tukakua tukiamini kwamba kitu kile ni cha mradi, cha wafadhili, cha watu wenye ofisi. Imani hiyo ndiyo ninayotaka uitupe leo.

Skrambla haikuzaliwa kiwandani. Mwaka 1924, huko Camberley nchini Uingereza, vijana walishindana kukatiza mapori na vilima kwa pikipiki za barabarani, kwa kuwa nyingine hazikuwepo. Kwa kuanguka na kuinuka wakajifunza kuvua kilichozidi, kunyanyua bomba la moshi, kupanua usukani. Viwanda vilikuja kuwafuata baadaye. Honda CL72 ya mwaka 1962 ilichukua injini ya CB72, pikipiki ya lami kabisa. Mwaka huo huo Dave Ekins na Bill Robertson Jr. walipanda CL72 mbili kutoka Tijuana mpaka La Paz, wakiishuka karibu rasi yote ya Baja California nchini Meksiko. Ni karibu kilomita 1,500, sehemu kubwa ikiwa jangwa na mawe, na waliimaliza kwa takriban saa 40. Kwa injini ya lami! Kilichobadilika ni vitu vilivyoizunguka injini hiyo, na vitu hivyo hata fundi wa Msamvu, Morogoro, anaviweza.

Itazame sasa ya kwako. Kama ni Boxer BM150, ina injini ya silinda moja yenye cc 144.8, inapozwa kwa upepo, inanywa mafuta kupitia kabureta, inakaa juu ya magurudumu ya inchi 17. Hakuna kompyuta, hakuna rejeta. Spea zake ziko katika kila duka la mtaani. Tena imeshapita njia mbaya kuliko wanazopita wanamichezo wengi, na ilizipita ikiwa imepiga mishikaki, watu watatu mgongoni na kuku miguuni. Ukiondoa watu hao na mizigo hiyo, unadhani itapanda mpaka wapi?

Mimi nilianza vibaya, na nakueleza ili usirudie. Nilianza na urembo. Nilipaka rangi, nikafunga usukani mpana, nikaelekea Morningside, kule juu kwenye miteremko ya Uluguru. Kabla sijafika nusu ya kilima klachi ilianza kuteleza: injini inalia, tairi halisogei. Niliigeuza, nikaishusha kwa mteremko, nikaisukuma palipokuwa tambarare mpaka nyumbani. Pleti za klachi zilikuwa zimekwisha tangu enzi za abiria, na mimi sikuwahi kuzifungua. Nilikuwa nimemvisha mgonjwa suti.

Kwa hiyo wiki ya kwanza usinunue hata stika moja. Mwaga mafuta ya zamani yaliyoozea tangini. Mwaga oili. Safisha kabureta, weka plagi mpya, pima valvu, fungua klachi uangalie pleti kwa macho yako. Shika gurudumu ulitikise kushoto na kulia: likicheza, beringi zimekufa. Fungua ngoma za breki uone viatu vimebaki unene gani. Ukifika hapo, piga kiki. Siku injini iliyolala miaka mitatu itakapokohoa, ikakohoa tena, kisha ikashika mlio, utajua kwa nini nakusumbua hivi.

Halafu toa. Watu wengi hukimbilia kuongeza, na hapo ndipo fedha zinapopotelea. Toa keria ya chuma. Toa mwamvuli na vyuma vyake. Toa ngao nzito iliyochomelewa na fundi wa stendi ili ikinge miguu ya abiria. Toa redio. Kila chuma unachokiweka chini ni chuma ambacho injini yako haitakipandisha mlimani, na kukitoa hakukugharimu shilingi. Ila sikia: kata keria, usikate fremu. Nimeona vijana wakiingiza grainda kwenye fremu palipoungwa shokapu za nyuma ili siti iwe fupi kama ya kwenye picha. Pale ndipo uzito wako wote unapokaa. Pakiachia katikati ya korongo hakuna wa kukuokota.

Nataka tukae kidogo kwenye sproketi, maana hapo ndipo pikipiki ya lami inapogeuka ya mlima kwa bei ndogo kuliko yote. Hesabu meno ya sproketi zako. Tuseme ya mbele ina 14 na ya nyuma ina 42. Maana yake ya mbele inazunguka mara 3 ili gurudumu la nyuma lizunguke mara moja. Toa ile ya mbele uweke ya meno 13: sasa inazunguka mara 3.23, na nguvu ya kuvuta imepanda karibu asilimia 8. Spidi yako ya mwisho itashuka kwa asilimia 7 hivi, lakini hiyo ilikuwa na kazi Barabara ya Morogoro, haina kazi kwenye njia ya ng'ombe. Ungetaka matokeo kama hayo kwa kubadili ya nyuma, ungetafuta yenye meno 45, ambayo ni ghali zaidi na ni ngumu kuipata. Jino moja mbele! Usipitilize tu, sproketi ikiwa ndogo mno cheni inajipinda kwa ukali na kulika upesi. Na ukibadili sproketi, badili na cheni. Cheni kuukuu hula sproketi mpya.

Tairi, hapo usibane mkono. Vua kipara, vaa zenye meno makubwa, za kipimo kile kile au kikubwa kidogo, kisha pima nafasi kati ya tairi na madigadi, na kati ya tairi na cheni. Udongo mwekundu wa milimani wakati wa masika unaganda kama unga uliokandwa. Nafasi ikiwa finyu gurudumu litagoma kuzunguka, nawe utakaa kando ya njia ukichokonoa tope kwa kijiti. Madigadi ya mbele inyanyuliwe, ndiyo sababu zile DT zilikuwa na sura ile. Ukiingia kwenye tope punguza upepo kidogo tairi lishike ardhi, lakini usiache liwe laini kabisa, kwani tyubu itateleza ndani na kung'oka shingo ya valvu.

Shokapu ndefu za nyuma zinapendeza macho, nami nakushauri uzirefushe kwa kiasi. Ukinyanyua nyuma ukaacha mbele, usukani unakuwa mwepesi na wenye wasiwasi, na cheni inaanza kusugua swingamu. Mbele, oili mpya nzito kidogo ndani ya shokapu inafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Boksi la chujio la hewa liache mahali pake. Fundi atakwambia litoe, pikipiki itapumua vizuri, itanguruma. Boksi hilo ndilo linalozuia vumbi la kiangazi kuingia kwenye silinda na maji ya kijito kuingia kwenye kabureta. Eksozi inyanyue ukitaka, weka kinga ya bati isikuunguze paja, lakini usiitoboe matumbo yake. Wakulima wa Mgeta, huko huko Uluguru, wanaamka alfajiri kushusha mboga zao sokoni. Hawajakukosea kitu hata uwapandishie kelele mlimani.

Taa, indiketa, vioo na namba vibaki, kwa sababu mlimani utakwenda kwa kupita barabarani. Ukibadili rangi, nenda ubadilishe na kadi. Kofia ngumu, buti zinazofunika kifundo cha mguu na glavu hazina mjadala.

Utaniambia huna fedha. Nakuamini. Basi fanya kidogo kidogo: mwezi huu oili na klachi, mwezi ujao sproketi na cheni, ukipata kipato tairi. Utaniambia umri umekwenda. Mikono iliyoendesha bodaboda miaka minane inajua klachi kuliko kijana yeyote aliyenunua pikipiki ya mashindano wiki iliyopita, na mwili wako unakumbuka kila kona uliyoipiga mvua ikinyesha. Ujuzi huo ulilipwa nauli tu. Haujawahi kukupa furaha yake.

Utaniambia fundi ni ghali. Kaa naye. Mletee chai, mshikie tochi, muulize kila boliti inakwenda wapi. Boksi la spana za namba 10 hadi 19 na bisibisi mbili zinatosha kufungua sehemu kubwa ya pikipiki hii, na mara ya pili utafungua mwenyewe. Mwite kijana wako wa kidato cha pili awe anapokea nati na kuzipanga kwenye sahani. Hakuna somo la fizikia litakalomkaa kichwani kama meno 14 na meno 42 aliyoyahesabu kwa kidole kilichojaa grisi.

Siku niliyorudi Morningside na klachi mpya na jino moja pungufu mbele, nilipita pale niliposhindwa nikiwa gia ya kwanza, nikaweka ya pili, nikaendelea. Juu kulikuwa na ukungu. Nilizima injini, nikasikia chuma kinavyopoa, ti, ti, ti, na mji wote wa Morogoro uko chini yangu. Pikipiki ile ilikuwa imenilisha miaka sita na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kunipeleka mahali nilipotaka mimi.

Yako inakusubiri hivyo hivyo. Jumamosi hii, saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali, fukuza kuku, toa turubai, mwaga mafuta ya zamani. Anza na hayo tu. Mnunuzi wa vyuma chakavu akipita Jumatatu, akute turubai limekunjwa.