Nguvu na Amana: Jumamosi Tumpe Nani Uamiri?

  

Ndugu zangu, Jumamosi ijayo tunachagua amiri mpya wa jumuiya yetu hapa Gitega. Mimi ndiye ninayeondoka, na nina neno ambalo sikulisema nilipokuwa na cheo.

Mwaka jana mlinichagua kwa sababu ninasema vizuri. Nilisimama baada ya swala ya Ijumaa, nikachanganya Kiarabu, Kifaransa na Kirundi, mkatoa takbiri. Darasani imani hiyo ina jina: nadharia ya mtu mkuu. Thomas Carlyle aliihubiri London mwaka 1840, na katika mashujaa wake alimtaja Mtume wetu. Wengi wetu tunalitaja hilo kwa fahari bila kuuliza alikuwa anafundisha nini. Alifundisha kwamba historia hufanywa na wachache wenye kipaji, sisi wengine tuwafuate. Mwaka 1948 Ralph Stogdill alipitia tafiti nyingi kuhusu sifa za viongozi, akaona sifa peke yake hazitoshi: anayefaa mahali hapa huenda asifae pale.

Mimi sikufaa hapa hapa. Mchango wa futari ya Ramadhani niliuweka mfukoni pamoja na pesa zangu, bila kuandika. Kumi la mwisho lilipoingia, faranga zikaisha na sikuweza kueleza zimekwenda wapi. Siku mbili ndugu zenu walifuturu kwa maji na ndizi. Wallahi sikukusudia kuiba. Lakini aliyefunga kutwa nzima hashibi kwa nia yangu njema.

Idi nilikwenda nyumbani Muyinga, kwa njia ya Karuzi, nikamweleza babu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mjukuu wangu, walikutazama kwa muda gani kabla ya kukupa?" Nikamjibu: dakika kumi. Akacheka sana. Akanikumbusha kwamba kwenye milima yetu mtu hakuwa mushingantahe kwa kujitangaza. Walimwangalia miaka: anavyoamua ugomvi, anavyotunza siri, anavyoishi na jirani. Ndipo alipoapishwa mbele ya watu na kukabidhiwa ile fimbo, intahe. (Pombe ya ndizi ya sherehe hiyo tuwaachie wenyewe.)

Usiku ule nilirudia kisa cha Abu Dharr, radhi za Allah ziwe juu yake. Aliomba kazi ya uongozi, Mtume akampiga bega kwa upole, akamwambia kuwa yeye ni dhaifu na jambo lile ni amana. Huyu ni Abu Dharr, ambaye ukweli wake hakuna aliyeutilia shaka! Na Nabii Yusuf, katika sura yenye jina lake, aya ya 55, aliomba mwenyewe awekwe juu ya hazina za Misri, akapewa, kwa kuwa alikuwa mlinzi na mjuzi wa kazi ile. Mmoja kanyimwa, mwingine kapewa, wote wema. Basi wema sio uliopimwa peke yake.

Ibn Taymiyya alilipanga jambo hili karne nyingi kabla ya vitabu vyetu vya menejimenti. Alichukua nguzo mbili zilizo katika Suratul-Qasas, aya ya 26, nguvu na amana, akakiri kwamba ni nadra kuzipata kamili kwa mtu mmoja. Kwa hiyo tazama kazi: vitani mtangulize mwenye nguvu, kwenye mali mtangulize mwaminifu. Hersey na Blanchard walipoandika mwaka 1969 kwamba uongozi hufuata hali, mwanafunzi wa fiqhi hakuwa na sababu ya kushtuka.

Nadharia ya Greenleaf ya mwaka 1970, kiongozi mtumishi, tunaipenda kwa kuwa inafanana na yetu. Mimi naiogopa kidogo. Nimeona anayeosha sahani zote halafu hawezi kumwambia rafiki yake, "Hapana, pesa hizi ni za mayatima."

Kipimo ninachokiamini zaidi kinatoka kwa Kurt Lewin na wenzake, mwaka 1939. Waliwaweka watoto chini ya viongozi wa namna mbalimbali. Kiongozi mkali alipotoka chumbani, kazi ililegea. Palipokuwa na mashauriano, iliendelea. Nami namkumbuka Mwanamfalme Louis Rwagasore, mzaliwa wa Gitega hii hii. Angeweza kuegemea damu ya baba yake, Mwami Mwambutsa. Badala yake alikaa na wafanyabiashara wa Bujumbura, wakiwemo Waislamu wa Buyenzi, wakajenga ushirika mwaka 1957. Chama chake kilishinda uchaguzi Septemba 1961. Tarehe 13 Oktoba akauawa. Uhuru ulikuja 1962, yeye hayupo.

Mimi nilipokwenda Muyinga, huku Gitega hakuna kilicholegea. Dada yetu katibu, ambaye hajawahi kusimama mbele yenu kuhutubia, alikuwa ameandika kila mchango, jina na tarehe, kwenye daftari la shule. Kwa daftari hilo nilijua ninadaiwa kiasi gani, na nimelipa. Liko kwake. Jumamosi, kabla ya kupiga kura, ombeni lisomwe, mkianza na ukurasa wa futari.