Jina Lililobaki Kwenye Deni

Jumanne

Soma Mithali 6:1–5. Mtu aliyejifunga kwa deni la mwenzake anashauriwa afanye nini, na kwa haraka kiasi gani?

Chukua mfano wa ndugu wawili wa tumbo moja, wote washiriki wa kanisa, waliokopa benki pamoja wakanunua nyumba na kuiweka rehani. Baadaye mdogo alioa, akahamia mkoa mwingine. Mbele ya wazee wa familia walipatana kwamba kaka abaki na nyumba na marejesho yote yawe yake. Mdogo akaondoka akijua amefunguliwa. Miaka miwili ikapita, biashara ya kaka ikayumba, na benki ikampigia simu mdogo.

Benki haikukosea. Watu wawili wakitia sahihi mkopo mmoja, kwa kawaida kila mmoja hudaiwa deni lote, wala si nusu yake. Mapatano ya sebuleni hayamfungi mkopeshaji ambaye hakuwepo. Mdogo atakuwa huru pale tu benki itakapokubali kwa maandishi kumwachia, au kaka atakapopata mkopo mpya kwa jina lake peke yake na kulipa ule wa zamani, au nyumba itakapouzwa, benki ikalipwa kwanza na ndugu wakagawana kinachobaki. Njia zote hizo zinawataka wakae tena pamoja, na hapo ndipo penye ugumu. Mdogo aliona haya kumbana kaka yake. Kaka aliona haya kukiri kwamba hana. Walinyamaza kwa kuheshimiana, huku riba ikiongezeka.

Sulemani anaujua ukimya huo. Anamwambia aliyenaswa aende, ajinyenyekeze na kusihi, wala asilale kabla hajajinasua. Lakini Maandiko yanasema pia na yule aliyebaki na nyumba. Abramu, aliyekuwa mkubwa, hakumngoja Lutu aanze, alimwachia achague kwanza ili udugu wao usivunjike (Mwa. 13:8, 9). Na anayekaa hemani mwa Bwana hutimiza alichoahidi hata kikimtia hasara (Zab. 15:4). Kwa hiyo kaka hatimizi ahadi yake kwa kusema tu, “Usijali, nitalipa.” Kama hawezi, aseme mapema, hata ikibidi nyumba iuzwe.

Soma Wakolosai 2:14. Kristo hakutuachia huru kwa maneno ya faraja huku majina yetu yakibaki kwenye mashtaka. Aliifuta hati yenyewe, na gharama aliibeba Yeye. Aliyefunguliwa hivyo hawezi kustarehe nyumbani wakati jina la ndugu yake lingali limefungwa kwa ajili yake.

Je, kuna mtu ambaye bado anabanwa na ahadi uliyosema utaibeba wewe? Ni hatua gani utachukua juma hili, mbele yake na mbele ya anayewadai, ili awe huru kweli?