WIMBO NI ZAWADI, KUIMBA NI KAZI



Ndugu wengine wa Butembo na Beni wanatuuliza: "Kama nyimbo zetu zinatoka mbinguni, sababu gani korali inafanya mazoezi kila juma? Roho si mwalimu wa kutosha?" Swali hili si dogo. Tulitafakari pamoja.

Ni kweli, tangu Papa Simon Kimbangu aanze kazi yake Nkamba, tarehe 6 Aprili 1921, Kanisa letu limepokea nyimbo nyingi kwa njia ya Roho. Lakini tuangalie vizuri: anayepokea wimbo ni mmoja, wanaouimba ni mia. Yule mmoja amepewa. Wale mia wanapaswa kujifunza. Ilikuwa hivyo hata wakati wa mfalme Daudi. Kitabu cha 1 Nyakati, sura ya 25, kinahesabu waimbaji 288 waliofundishwa, na kura ilipigwa kwa wote sawasawa, mwalimu na mwanafunzi.

Wengine wanasema: "Mimi sikuzaliwa na sauti." Tuwajibu kwa lugha ya mama zetu. Katika Kinande, sauti ikipanda au ikishuka, maana ya neno inaweza kugeuka, na mtoto anayejua kusema hakosei. Basi sikio Mungu amekwisha kutupa. Kinachokosa ni zoezi.

Tulikuwa na kijana mmoja katika korali. Aliimba kwa nguvu, lakini chini ya wengine. Watu walicheka. Sisi viongozi tukamwambia asimame nyuma, afungue kinywa bila kutoa sauti. Tunaungama: tulikosa. Tulimfundisha kusema uongo mbele za Mungu. Baadaye mama mmoja mpiga filimbi alimchukua kila siku ya posho, kabla ya wengine kufika. Alipuliza sauti moja. Kijana alisikiliza kwanza, halafu akaifuata polepole, kinywa kikiwa kimefungwa. Sauti moja, kisha mbili, kisha mstari mzima. Ilichukua miezi mingi. Leo waimbaji wapya wanawekwa karibu naye ili wamfuate.

Hapo tukaelewa: koo lake halikuwa na kosa. Alikuwa anajisikiliza mwenyewe tu. Kuimba sawa ni kumsikiliza jirani, na hilo halipatikani kwa siku moja.

Kule Kinshasa, mwaka 1994, Armand Diangienda, mjukuu wa Papa Simon, alianzisha orkesta ya Kanisa. Violoni zilikuwa chache, wapigaji wakapokezana. Kwa mazoezi walifika kupiga muziki mgumu wa Beethoven. Je, kwa jasho hilo Roho aliwakimbia?

Ndugu zetu wa Beni wanajua bei ya mazoezi. Tangu mauaji yaanze Oktoba 2014, jioni imekuwa saa ya hofu. Waliyahamisha mchana, kusudi kila mtu afike nyumbani kabla ya giza. Hawakuyaacha. Na wale waliokimbia vijiji vyao wakiketi kati yetu hapa Butembo, sauti zikitetemeka, tutawaambia wanyamaze?

Kanisa linatufundisha upendo, amri na kazi. Kufanya mazoezi ni kazi. Kumngoja aliye nyuma ni upendo. Wimbo tumekwisha kupewa. Tusimrudishie Bwana zawadi yake bila kuitengeneza.

Siku ya posho tufike mapema. Amani ya Bwana iwe nanyi. Amina.