Jiwe la Mpaka wa Eyam

Mgeni afikaye Eyam, kijiji cha milimani katika Derbyshire, Uingereza, huja kutembea. Hufuata kijia cha mashambani kiendacho Stoney Middleton, na njiani hukuta jiwe lenye vitundu. Hulitazama, kisha huenda zake.

Mwaka 1665 tauni iliingia Eyam pamoja na kitambaa kilicholetwa kutoka London. Mwaka uliofuata kasisi William Mompesson, pamoja na Thomas Stanley, kasisi wa zamani wa hapo, waliwasihi wanakijiji wasitoke, ili maradhi yasiwafikie jirani. Wakakubali. Chakula kililetwa mpakani; fedha za malipo zikatiwa katika vitundu vya jiwe vilivyojazwa siki. Elizabeth Hancock alizika mume na watoto sita katika siku nane.

Je, mzigo huo uligawanywa kwa haki? Mompesson alikuwa amekwisha kuwapeleka watoto wake mbali. Watoto wa Hancock walibaki. Lakini Catherine, mke wa kasisi, alibaki pia, akafa Agosti 1666. Wema wa wanadamu aghalabu huwa na ufa. Aukataaye kwa sababu ya ufa, atakufa na kiu.

Miguu iliyojizuia ndiyo iliyoacha njia salama kwa miguu mingine. Apitaye pale kwa furaha hadaiwi machozi. Hudaiwa kukumbuka tu, kuwa mpaka auvukao kwa hatua moja, wengine waliulinda kwa roho zao.