Ukarimu wa Maskini na Kazi ya Umisionari

Katika Injili ya Luka, sura ya 10, Yesu anawatuma wanafunzi wake wawiliwawili bila mfuko wa fedha, bila mkoba, bila viatu. Anawaagiza wakae katika nyumba itakayowapokea na wale watakachoandaliwa. Kabla hawajahubiri lolote, wao ni wageni wenye njaa, na mkarimu wa kwanza ni mwenyeji wao. Agizo hilo husahaulika upesi pale misheni inapokuwa na zahanati, shule na gari huku majirani zake wakihesabu milo. Hapo ndipo linapozuka swali la zamani la Ukristo: je, maskini ni wa kupokea tu?

Paulo alilijibu katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho. Akichangisha fedha za kuwasaidia Wakristo wahitaji wa Yerusalemu, aliwatolea Wakorintho mfano wa makanisa ya Makedonia, yaliyokuwa fukara na bado yakamsihi yasiachwe nje ya mchango. Kuwakatalia kwa kuwaonea huruma kungekuwa sawa na kuwaambia kwamba hawana cha kumpa mtu. Paulo, fundi mahema aliyezoea kula jasho lake, alipokea hata yeye mwenyewe msaada wa Wafilipi, ambao ni Wamakedonia hao hao. Lakini aliweka mpaka: mtu atoe kwa kadiri ya alicho nacho, na mmoja asitaabike ili mwingine astarehe.

Mpaka huo una uzito wake. Kisa cha mjane aliyetia hekaluni senti zake mbili za mwisho husomwa mara nyingi wakati wa sadaka, na ni mara chache mno husomwa pamoja na maneno yanayokitangulia. Katika Marko, sura ya 12, Yesu ametoka tu kuwakemea waandishi wanaokula nyumba za wajane. Mjane anasifiwa, ila wapokeaji wameshaonywa. Mhubiri anayemkamua mama muuza mchicha shilingi yake ya mwisho kwa ahadi ya baraka hana pa kujificha ndani ya kisa hicho.

Mfano wa karibu zaidi wa misheni ya maskini ni Apolo Kivebulaya, Mganda aliyebatizwa mwaka 1895. Mwaka uliofuata alivuka bonde la Semliki hadi Mboga, ambako leo ni mashariki ya Kongo. Kanisa la Kianglikana la Uganda, lililomtuma, lilikuwa changa. Askofu wake, Alfred Tucker, alishikilia kwamba walimu Waafrika wagharimiwe na Wakristo wa hapo hapo, si kwa fedha za Uingereza. Hivyo Apolo alitumwa na watu ambao wenyewe hawakuwa na kingi. Walimu waliomtangulia Mboga walikwama kwa kunyimwa chakula. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Apolo hakungoja kupewa, alilima. Dada wa Tabaro, mtawala wa Mboga, alipoangukia mkuki uliokuwa nyasini akafa, lawama zilimwangukia Apolo, akapelekwa Toro, nchini Uganda, na kufungwa. Alipoachiwa alirudi Mboga ile ile, na hatimaye Tabaro mwenyewe akabatizwa. Tangu mwaka 1921 alifanya kazi pia miongoni mwa Wambuti wa msituni. Alifariki Mboga mwaka 1933, akiwa ameagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kinyume cha desturi ya kwao.

Si misheni zote zilizofuata njia hiyo. Mwaka 1971, Mchungaji John Gatu wa kanisa la Presbyterian la Kenya alisema huko Milwaukee, Marekani, kwamba wamisionari na fedha zao wasitishwe kwa muda ili makanisa ya Afrika yasimame kwa miguu yao. Mkutano wa makanisa ya Afrika uliofanyika Lusaka mwaka 1974 uliunga mkono wazo hilo. Wengi waliliona kuwa utovu wa shukrani. Hawakumtendea Gatu haki, kwa maana alichotetea ni ile nafasi ya kutoa ambayo Wamakedonia waliiomba.

Nafasi hiyo inaonekana waziwazi katika sharika nyingi za Kilutheri nchini Tanzania. Ibada ikiisha, waumini hukusanyika nje kwa mnada wa sadaka: mkungu wa ndizi, jogoo aliyefungwa miguu, mayai manne kwenye bakuli. Mayai ni ya bibi asiye na fedha taslimu. Mzee wa kanisa anayanadi, bei inapanda kupita ya dukani, aliyeyanunua anayarudisha mezani na yananadiwa upya. Mnunuzi wa mwisho pengine humzawadia mwinjilisti, naye huenda nayo nyumbani kuyachemsha.