Asiyengoja Kununua Atangoja Kulipa

Waislamu wa mjini tukitajiwa subira, mawazo yetu huenda kwenye misiba: kufiwa, kuugua, kukosa kazi. Huko tunajitahidi na tunaliwazana kwa maneno mazuri. Lakini ipo subira nyingine isiyotajwa sana, nayo ni ya kujizuia na kitu ambacho mkono unakifikia. Hiyo ndiyo inayotushinda.

Tuangalie simu zetu. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, ilituondolea taabu ya kweli. Mtu aliyekuwa akimpa dereva wa basi bahasha ampelekee mama yake kijijini, akaanza kutuma fedha kwa dakika moja. Hakuna ubaya hapo. Mwaka 2014 ikaja M-Pawa, mkopo ukaingia ndani ya simu hiyo hiyo. Zikafuata programu chungu nzima, nyingine hazijulikani hata ofisi zake. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikatangaza majina 69 ya majukwaa na programu zinazokopesha mtandaoni bila leseni. Mitaani mikopo ya namna hii ina jina lake: kausha damu.

Kwa nini mtu mwenye akili timamu aingie humo? Jibu langu ni kwamba anadhani ameepuka kungoja. Anataka simu mpya, au sare ya harusi, leo leo. Angeweka kidogo kidogo kwenye kibubu, angengoja miezi mitatu. Akikopa, anapata papo hapo. Lakini kungoja hakukufutwa, kumehamishwa tu. Sasa anangoja mshahara ambao si wake tena, na anangoja siku deni litakapokwisha. Yule wa kibubu alingoja akiwa huru. Huyu anangoja akiwa mateka, tena kwa nyongeza juu. Nyongeza hiyo huitwa ada au gharama za huduma, lakini ziada inayotozwa kwa sababu ya muda wa deni ni riba, hata ikipewa jina tamu.

Nimewahi kupokea ujumbe wa kampuni moja ukinitaka nimwambie jirani yangu alipe deni lake. Sikuwa mdhamini wake. Namba yangu ilichukuliwa tu kutoka kwenye simu yake. Nilijiuliza ni wangapi mtaani walipata ujumbe ule ule siku hiyo. Fedha zile zilikwisha, lakini aibu ilibaki.

Msomaji ataniuliza: na mama ambaye mtoto wake amezidiwa usiku wa manane, naye asubiri? Hapana. Dawa ya mtoto haingoji kibubu, na kumhubiria mama huyo subira ni kumkejeli. Tena Qur'an, katika Suratul Baqara aya ya 280, inamtaka mdai ampe muda mdaiwa mwenye dhiki mpaka apate wepesi, na inasema kumsamehe ni bora zaidi. Tazameni subira imewekwa upande gani: upande wa mwenye nacho! Basi kabla hatujamlaumu mama huyo, tujiulize ni misikiti mingapi yetu ina mfuko wa kukopesha bila riba. Michango ya harusi tunaichangisha kwa vikao na kadi; mfuko wa aliyekwama unatushinda nini?

Na sisi ambao hatujakwama, ila tunatamani tu, hatuna udhuru. Kila mwaka tunao mwezi mzima wa mafunzo. Saa tisa alasiri kiu imembana mtu, maji ya baridi yamo kwenye friji, hakuna anayemwona, na bado anangoja adhana ya Magharibi. Mtu huyo huyo, siku mbili kabla ya Idi, anakimbilia Kariakoo na fedha za mkopo wa simu kununua nguo. Aliweza kuingojea halali yake mwezi mzima, akashindwa kungoja kanzu!

Nashauri jambo dogo. Kabla ya kubonyeza kukubali mkopo, subiri sala inayofuata, uswali, kisha ujiulize: hii ni haja au ni hawaa? Haja itakuwa bado ipo. Hawaa mara nyingi itakuwa imepoa.

Mwenyezi Mungu atujaalie subira wakati wa kukosa, na wakati wa kudai. Amin.